Moja, Mbili, Unanisikia?

Ijumaa ile Idrisa alisali safu ya nyuma kabisa, akatoka msikitini watu wakiwa bado wanapeana mikono, akaenda kusimama upande wa pili wa Mtaa wa Aggrey kulitazama duka ambalo hakuthubutu kuliingia. Mikokoteni ilikuwa inapita, wauza chaja wanaita wateja, kina mama wa mikoani wanavuta mabegi makubwa kuliko wao, na kila mtu alikuwa na mtu wake wa kugombana naye au wa kucheka naye. Yeye alikuwa na hedifoni shingoni, kompyuta mgongoni na kinasa sauti mfukoni, basi. Kama kuna mahali mtu anaweza kuwa peke yake mpaka akajionea huruma, ni Kariakoo saa nane mchana, umezungukwa na umati wote ule, na mtu mmoja tu unayemtaka hataki kukuona.

Na tusimpambe bure, alikuwa amejitakia.

Simu ikalia. Alikuwa Onesphory, mwanafunzi mwenzake.

"Oya, umeua jana," Onesphory alisema. "Matokeo yamebandikwa. Wamekupa ya kwanza, mwanangu. Ila Jumatatu peleka faili zako zote ofisini, wasipoziona wanakata maksi zote. Upo wapi tusherehekee?"

"Nipo mjini."

"Mbona sauti imepoa hivyo? Mshindi gani wewe?"

"Nitakupigia," Idrisa alisema, akakata.

Ngoja nikueleze habari zake, maana ukimwona amesimama hivyo unaweza kudhani ni kibaka anavizia. Idrisa ni kijana wa Pangani, yupo mwaka wa mwisho chuoni, anasomea teknolojia ya muziki. Mama yake akiulizwa mtoto anasoma nini hujibu, "Mambo ya redio," na hapo huwa amemaliza. Amepanga chumba ghorofa ya juu kule Gerezani, chini yake mafundi wanagonga vipuri kutwa nzima, na ukutani amebandika trei za mayai kuzuia mwangwi. Hakuna mgeni aliyewahi kuzicheka trei zile, kwa sababu hakuna mgeni aliyewahi kufika. Ugonjwa wake ni vifaa vipya. Kifaa kikitangazwa ng'ambo leo, kabla hakijapakiwa melini yeye keshajua kina matundu gani na kinachomekwa wapi. Wenzake wakitazama mpira, yeye anatazama video za watu wakifungua maboksi.

Ndivyo alivyomjua Mauza. Baba yake, Mzee Azzan, anauza spika, maiki na mitambo ya sauti, na Mauza ndiye anayekaa kaunta. Idrisa alikuwa akiingia kila baada ya vipindi, anainamia kabati la vioo, anatazama, anaondoka. Siku moja binti akamwambia bila kuinua uso kwenye simu yake, "Leo tena umekuja kuwasalimia?"

"Kuwasalimia akina nani?"

"Maiki zetu. Kila siku unakuja kuwajulia hali wao. Mimi hujawahi hata kuniuliza nimeamkaje."

Idrisa akacheka mpaka akaona haya. Akauliza ameamkaje. Kuanzia hapo akawa anakuja kuuliza hilo, na maiki zikabaki kisingizio. Mauza ndiye mtu wa kwanza katika mji huu kumuuliza "Umekula?" na kusubiri jibu. Kilipofika kinasa sauti kipya alichokitamani mwaka mzima, kidogo kinaenea kiganjani, alikinunua siku ile ile, na Mauza ndiye aliyemjaribia.

"Sema kitu," Idrisa alimwambia, hedifoni zikiwa masikioni.

"Niseme nini?"

"Chochote. Hesabu."

"Moja, mbili. Moja, mbili. Idrisa, unanisikia?"

Alikuwa anamsikia. Sauti ile ilikuwa karibu naye kuliko mtu yeyote tangu aje mji huu. Aliihifadhi, na hakumwambia kwamba ameihifadhi.

Kazi yake ya mwisho chuoni ilikuwa kusafisha kanda za zamani. Kuna programu mpya siku hizi, unaipa wimbo uliochanganyikana kila kitu, nayo inakutengea: ngoma huku, kelele kule, mwimbaji peke yake. Mauza alipoelezwa hayo alinyamaza siku nzima. Kesho yake akamletea kanda iliyofungwa kwenye mtandio.

"Mama yangu yumo humu," alimwambia. "Ni usiku wa hina wa shangazi. Mama aliimba. Nilikuwa mtoto wa kubebwa, sauti yake siikumbuki hata kidogo. Nikisikiliza nasikia matari na vigelegele tu. Unaweza kumtoa?"

"Nitamtoa."

"Lakini humo ni wanawake watupu, Idrisa. Hata wewe hukutakiwa kuisikia. Nakupa kwa sababu ni wewe."

Akamtoa. Ilimchukua wiki na wiki, na siku Mauza alipovaa hedifoni pale kaunta akamsikia mama yake, alijifanya anatafuta boksi chini ya kaunta, akakaa huko huko akilia huku wateja wanamsubiri. Alipoinuka alimtazama Idrisa mtazamo ambao kijana alienda nao Gerezani, akalala nao, akaamka nao. Wakakubaliana wajomba zake Idrisa waje kuleta posa. Mzee Azzan aliguna. Alisema yeye hajui kazi ya kufungua na kufunga redio inalishaje mke. Lakini kwa kuwa binti yake alimsihi, alikiazima chuo spika zake kwa maonyesho ya kazi za mwisho za wanafunzi, na akaahidi kwenda mwenyewe kumwona huyo kijana anafanya nini.

Maonyesho yalikuwa jana yake, Alhamisi. Idrisa alikuwa ameandaa kanda ya babu yake akisimulia hadithi za Pangani. Akaicheza, ikatoka safi, na majaji wakapiga miayo. Mmoja akatazama saa. Hapo ndipo sifa zilipomshika mkono. Wallahi hakuwa na nia mbaya. Ila sauti ile alikuwa ameikata na kuiunga mpaka akaiona ni kazi yake, akasahau kwamba ni ya mke wa mtu. Akabonyeza faili ya pili, na kwenye spika za Mzee Azzan mwenyewe, Bi Shahd, marehemu mama yake Mauza, akaimba mbele ya wanaume na wanawake ukumbi mzima:

*Wifi yangu watoka leo, nani atanisuka nywele?*

Miayo ikakatika. Wimbo ulipokwisha watu waliinuka kupiga makofi, na katika kuinuka kule hakuna aliyemwona mzee mmoja wa safu ya mbele akitafuta mlango kwa mikono, kama mtu aliyezimikiwa taa ndani. Idrisa alimwona. Akamwona na Mauza akimkimbilia baba yake, ushungi umemteleza, bila kugeuka nyuma.

Hayo ndiyo yaliyomsimamisha ng'ambo ya barabara Ijumaa ile.

"We kijana!" Bi Ruqaya alikuwa ametokeza kwenye mlango wa duka, buibui lake jeusi, mkono kiunoni. Ni dada yake Mzee Azzan, na ndiye aliyekuwa bibi harusi katika kanda ile. "Utasimama hapo mpaka uote mizizi? Vuka. Unaitwa."

Akavuka. Mlango wa chuma ulikuwa umeshushwa nusu, ikabidi ainame kuingia. Ndani, Mzee Azzan alikuwa ameketi nyuma ya kaunta na kanzu yake ya Ijumaa, kofia ameivua ameiweka juu ya kioo. Mauza alikuwa amesimama karibu na mlango wa stoo, mikono ameikunja, macho chini. Idrisa alimtafuta kwa macho, hakumpata.

"Shikamoo, Mzee."

Mzee Azzan hakuitikia. Shikamoo ikabaki imening'inia katikati ya duka, na Idrisa, ambaye hajawahi katika maisha yake kunyimwa marahaba na mtu mzima, alirudi nyuma hatua moja.

"Kaa," Bi Ruqaya akamwambia, akamsukumia kigoda.

"Kanda ile ulipewa na nani?" Mzee Azzan aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na ugomvi, na hiyo ndiyo iliyotisha.

"Niliichukua mwenyewe, Mzee. Niliiona hapa dukani nikaichukua bila kuuliza."

"Kanda yangu hukaa kwenye kasha la nguo, chumbani kwangu," Bi Ruqaya akasema. "Wewe baba ulipita mlango gani?"

Idrisa akageuka kumtazama Mauza.

"Anadanganya," Mauza alisema, bado anatazama sakafu. "Ni mimi niliyempa, Baba. Jana nimekwambia, na leo nakwambia."

"Kwa hiyo anaanza na uongo."

"Anataka kunifichia, Baba."

"Hilo nimeliona." Mzee akamgeukia Idrisa. "Wewe ni mtoto wa Kiislamu. Tena wa Pangani, si wa mbali. Kwenu usiku wa hina wanaume huingia?"

"Hawaingii, Mzee."

"Hata mume wa mwenye nyumba?"

"Hata yeye."

"Unajua kumbe." Mzee Azzan akaishika kofia yake, akaizungusha vidoleni. "Basi nikusimulie kitu, kijana. Mke wangu alikuwa akiimba jikoni. Nikiingia ananyamaza. Namwambia, endelea bibi, nani mwingine yupo hapa, ni mimi. Anacheka, anasema anaona haya. Nikawa najificha ukumbini navua viatu nisisikike, lakini alikuwa na masikio yule, ananijua kabla sijafika. Mpaka Mungu anamchukua sikuwahi kumsikia wimbo mzima. Wanawake wote wa Kariakoo hii wananiambia, Shahd alikuwa na sauti, Shahd alikuwa na sauti. Mimi mumewe sijui."

Mzee akairudisha kofia juu ya kioo. Nje muuza chaja alikuwa anaita wateja.

"Jana nimemsikia. Mara ya kwanza. Nimekaa na watu wanapiga miluzi, na kijana aliyekaa pembeni yangu ananigusa bega ananiuliza, mzee, huyo dada anayeimba ni nani, tunampataje? Nimjibu nini? Niambie wewe uliyesoma, ningemjibu nini?"

Idrisa aliinamisha kichwa. Machozi yalimtoka yakadondoka kwenye suruali yake na hakuyafuta. "Nisamehe, Mzee. Sina jibu."

"Mimi sitaki jibu. Nataka ufute. Kila ulichonacho, hapa hapa, mbele ya macho yangu."

Idrisa akatoa kompyuta kwenye begi, akaifungua juu ya kioo, juu ya zile maiki alizokuwa akija kuzisalimia. Faili zikajipanga kwenye skrini. Kazi ya mwaka mzima ilikuwa pale, na ushindi wake, na Jumatatu yake. Akaweka kidole kwenye kitufe. Kisha akakitoa.

"Kuna jambo lazima niliseme kwanza," alisema. "Nikinyamaza sasa hivi nitakuwa nimekosa mara mbili. Kanda yenyewe haipo. Ilikuwa imechakaa. Nilipoizungusha mara ya kwanza ilikubali, mara ya pili ikakatika, ikajikunja ndani ya mashine ikawa unga unga. Nikifuta hii, Bi Shahd hatasikika tena popote."

Ndipo Mauza alipoinua macho. Tangu Idrisa aingie ilikuwa mara ya kwanza kumtazama, na kijana alitamani angeendelea kutazama sakafu.

"Ilikatika lini?" Mauza aliuliza.

"Siku ile ile uliyonipa."

"Na hukuniambia."

"Nilitaka kukwambia."

"Tulikuwa tunaonana kila siku, Idrisa. Ulikuwa unaniuliza nimeamkaje, unakunywa chai yangu, unanitazama hivyo unavyonitazama. Siku zote hizo ulikuwa unataka kuniambia?"

Idrisa akaikazia macho skrini. Kuna nyakati mtu akijibu anajizidishia tu.

Bi Ruqaya alikuwa amekaa juu ya boksi la spika, mkono umeziba mdomo. "Kaka," alisema baadaye, "usifanye haraka. Mle kuna sauti ya mama yetu pia. Unamkumbuka alivyokuwa akigombana na wapiga matari? Anawaambia, mnanipigia matari au mnatwanga? Na mimi mwenyewe mle nacheka nacheka kama sina akili, bibi harusi gani yule." Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, akajifuta kwa pembe ya buibui. "Ukifuta, kaka, unawazika tena wote."

Mzee Azzan aliitazama kompyuta kama anatazama mtu aliyemkosea na anayempenda kwa pamoja. Hakusema futa. Hakusema acha.

Idrisa akaingiza mkono mfukoni akatoa kinasa sauti chake. Kile kile. Alikuwa hakiazimi mtu, alikuwa akikifuta vumbi kwa kitambaa cha miwani. Akakiweka kwenye kioo mbele ya mzee, akavua hedifoni shingoni akaziweka kando yake.

"Kanda nzima niliinasia humu, na itabaki humu tu," alisema. "Kwenye kompyuta nafuta, kwenye simu nafuta. Chuoni sikuacha kitu. Hiki ni chako sasa. Ukibonyeza hapa unasikiliza, ukibonyeza hapa unafuta. Utakaloamua hakuna atakayejua ila wewe."

Akaanza kufuta. Kila faili ilikuwa inauliza kama ana hakika, na kila mara alijibu ndiyo. Mauza alikuwa amesogea, anaiona skrini kutoka alipo.

"Hiyo ni ya chuo," alisema polepole.

"Ndiyo."

"Si ndiyo unayotakiwa kuwapelekea?"

"Sitapeleka."

"Watakufelisha."

"Wanifelishe," Idrisa alisema, na hakulisema kwa ushujaa. Alilisema kwa kuchoka. Skrini ikabaki tupu.

Mzee Azzan akachukua kinasa na hedifoni, akainuka, akapita mbele ya binti yake akaingia stoo. Hakufunga mlango. Walimwona mgongo, amekaa juu ya boksi, anahangaika kuzivaa hedifoni juu ya mvi zake. Kisha akatulia. Bi Ruqaya akageukia ukuta akaanza kupangusa maboksi yasiyo na vumbi, maana alikuwa mtu mwenye akili, na alijua wawili wale wanahitaji kusemeshana na hawawezi kuachwa peke yao.

"Mauza," Idrisa aliita.

"Usiniite taratibu hivyo. Nitalia, na leo sitaki kulia mbele yako."

"Nisamehe."

"Nimekusamehe tangu jana. Hilo halikunisumbua."

"Basi linalokusumbua ni nini?"

Akamtazama. Macho yake yalikuwa yamevimba, na chini ya uvimbe ule yalikuwa bado ndiyo yale aliyoyajua, na hilo ndilo lililomuumiza Idrisa kupita yote.

"Nilipokupa kanda nilikuingiza ndani kwetu," Mauza alisema. "Si sebuleni, ndani kabisa, anakoingia mwanamke tu. Nikasema huyu ataingia akae kimya, atatoka na mama yangu mkononi. Ukaacha mlango wazi watu wakapita. Jana nilikuwa safu ya tatu, Idrisa. Mama alipoanza kuimba nilikutazama wewe. Nilidhani utanitafuta, utashtuka, utazima. Ulikuwa unawatazama majaji. Ulikuwa unatabasamu."

"Sikujua ulikuwa wapi."

"Hukunitafuta."

Kweli hakumtafuta. Alilijua hilo toka jana lakini hakuwa amelisikia likisemwa, na lilipoingia masikioni bila hedifoni, bila programu ya kulisafisha, lilimchoma.

"Na kule kukatika kwa kanda," Mauza akaendelea, "kwa nini ulinificha?"

"Niliogopa utaniacha."

"Na sasa hivi unajisikiaje?"

"Kama mtu aliyeachwa."

Mauza alifumba macho akavuta pumzi. Mkono wake ulikuwa juu ya kioo, wa Idrisa karibu na wake, ungeweza kupitisha shilingi katikati. Hakuna aliyesogeza.

"Waambie wajomba zako wasije," alisema.

"Wasije kwa sasa, au wasije kabisa?"

"Wasije. Zaidi ya hapo sijui, usinilazimishe kujua."

Mzee Azzan akatoka stoo. Hedifoni zilikuwa zimemteremka shingoni, zimekaa vibaya juu ya kanzu, na macho yake mekundu hakujaribu kuyaficha. Hakumtazama Idrisa. Alimwendea binti yake.

"Mwishoni anakutaja wewe," alimwambia.

"Najua, Baba."

"Anawaambia, ngojeni kwanza, Mauza amelala bila shuka, mfunikeni mtoto."

"Najua, Baba. Nimesikia."

Mzee akamshika kichwa akakilaza kifuani pake, na Mauza, aliyesema leo halii, akalia. Bi Ruqaya naye aliacha yale maboksi. Walikuwa watatu, na wa nne alikuwa ndani ya kinasa mkononi mwa mzee, na Idrisa alikaa kwenye kigoda chake akiwatazama watu walio na kwao. Akafunga kompyuta, akaitia begini, akasimama.

Alikuwa ameshainama chini ya mlango wa chuma aliposikia nyuma yake, "Kijana."

Akageuka.

"Marahaba," Mzee Azzan alisema. "Sasa nenda kwako."

Idrisa alitembea kwa miguu mpaka Gerezani. Hakuwa na hedifoni, kwa hiyo aliusikia mji wote njiani, honi, nyundo, watu wanaitana majina, mabasi ya mwendokasi yanapita na watu wao. Mafundi wa chini walikuwa wanafunga kazi. Akapanda ngazi, akafungua chumba, trei za mayai zikampokea. Simu ilikuwa inaita, Onesphory tena. Akaiacha ikaita mpaka ikanyamaza. Akampigia mjomba wake Pangani, akamwambia wasije. Mjomba akauliza kuna nini, akajibu, "Hakuna kitu, Mjomba, mambo ya masomo." Mjomba akasema sawa, akakata, na chumba kikawa kimya zaidi ya mwanzo.

Alikaa kitandani akafungua kompyuta kuhakikisha hakubakiza kitu. Alikuwa ameahidi. Akapekua huku na kule, faili moja moja, na ndani ya kabrasha la majaribio akakutana na moja aliyoisahau, au aliyojifanya ameisahau. Haikuwa na jina, ila tarehe ya ile siku kinasa kilipofika dukani.

Kidole kikaenda chenyewe kwenye kitufe cha kucheza. Jamani, mtu akiwa mpweke hivyo, nani angemlaumu? Sekunde chache tu za sauti ya msichana anahesabu. Lakini Idrisa akakirudisha kidole. Hata hii hakuombwa, aliichukua tu. Akashika simu, akaandika akafuta, akaandika tena.

*Kuna sauti yako moja imebaki kwangu. Ile ya kujaribu maiki. Niliihifadhi na sikukwambia. Niifute?*

Adhana ya magharibi ikatoka msikitini. Akasali, akarudi kuitazama simu, haina kitu. Akachemsha maji ya chai, hakuinywa. Taa za barabarani zikawaka. Ndipo simu ikatikisika.

*Umeisikiliza mara ngapi?*

*Kila siku.*

Akaona Mauza anaandika. Anaacha. Anaandika. Akaacha tena, muda mrefu, mpaka Idrisa akaamini kwamba yamekwisha, akaanza kuitafuta njia ya kufuta.

*Usiifute,* Mauza aliandika. *Lakini usiisikilize. Nikitaka unisikie nitakuita mwenyewe.*

Alilisoma lile neno *nikitaka* mpaka herufi zikapoteza sura. Halikuwa ndiyo, na halikuwa hapana. Akavuta kutoka chini ya kitanda hedifoni zake za zamani, zile zilizopasuka upande mmoja, akazivaa bila kuzichomeka popote. Akaizima taa, akakaa hivyo gizani, anasikiliza.